Khidma ya Mwanafunzi: Aanze Sasa au Angoje Nia Itakasike?

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake wakawa wahitajiana, tajiri kwa maskini na mzima kwa mgonjwa. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye alikuwa akishona kiatu chake kwa mkono wake, na akabeba matofali pamoja na Masahaba zake siku ulipojengwa msikiti wa Madina; na ziwashukie jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Limekuwa likiulizwa mara nyingi madrasani, na vijana wenyewe na wazee wao, swali hili: kijana ambaye yungali katika kutafuta elimu, na ambaye hajapata kuwafanyia watu kazi bila ya ujira, akiitwa kwa mara ya kwanza aende akasaidie, kama vile kuosha maiti, kuchimba kaburi, kusafisha kisima cha mtaa, kumsomesha yatima, au kumpelekea mgonjwa chakula, naye akajitazama moyoni akaona kwamba nia yake haikusafika, kwamba apenda kusifiwa, au ataka hati ya shule, au aenda kwa kuwaonea haya wenziwe: je, yampasa aende hivyo alivyo, au akae mpaka nia yake itakasike? Na nyuma ya swali hili lipo jingine lililo kubwa zaidi: kazi njema ni njema kwa nafsi yake, au yawa njema kwa moyo wa mwenye kuitenda?

Tutalijibu kwa kadiri ya tulivyosoma katika madhhabi yetu ya Imamu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, na tutajitahidi kuyaweka maneno wazi ili kijana na mzee wapate kufaidi sawasawa.

Khidma ni wajibu wa nani

Kila aliyeketi mbele ya mwalimu akasoma Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ajua kwamba faradhi ni mbili. Faradhi aini ni ile imlazimuyo kila mtu peke yake, kama sala tano na funga ya Ramadhani. Hapana amtendeaye mwenziwe. Faradhi kifaya ni ile itakiwayo ipatikane katika watu. Wakiitenda baadhi yao wenye kutosha, dhambi huwaondokea wote, na wakiiacha wote, hupata dhambi kila aliyejua na akaweza. Katika mlango wa maiti Imamu ameitaja kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika. Na katika mlango wa Siyari akazitaja nyingine: kuzisimamisha hoja za dini, elimu za sharia, kuamrisha mema na kukataza maovu, kuwaondolea Waislamu madhara kwa kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa ikiwa zaka na hazina ya Waislamu hazikutosha, kutoa ushahidi, na kazi za mikono ambazo maisha ya watu hayasimami ila kwazo.

Yaangalieni mapango hayo kwa macho ya kufikiri. Elimu ya sharia, ambayo mwanafunzi ajiona yumo ndani yake, imepangwa safu moja na kumlisha mwenye njaa na kazi ya fundi. Kwa hiyo kijana akimpita mchimba kaburi huku amekumbatia kitabu chake, akadhani kuwa yeye yumo katika ibada na yule yumo katika kazi ya dunia, hakukifahamu kile kitabu alichokikumbatia. Wote wawili wamesimamia haki ya umma, kila mmoja mahali pake. Imamu wa Haramaini, Juwaini, aliyefariki mwaka 478 wa Hijra (1085), naye ni mwalimu wa Imamu Ghazali, alikwenda mbele zaidi: aliona kuwa mwenye kusimamia faradhi kifaya huenda akawa na daraja kuliko mwenye kutenda faradhi aini, kwa kuwa huyu wa pili aiondolea dhambi nafsi yake, na yule wa kwanza auondolea umma mzima.

Wala mtu asiyadhani haya kuwa ni mambo ya vitabuni yasiyofika mitaani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilizama meli ya Spice Islander baina ya Unguja na Pemba, ikathibitika kufa watu zaidi ya 200, na wengine wengi wasionekane tena. Sasa rejeeni kitabuni. Imamu Nawawi amesahihisha ya kwamba aliyekufa maji ni lazima aoshwe, wala kule kuzama kwake baharini hakutoshi kuwa ndiko kuoshwa kwake, kwani amri ya kuosha imewaelekea watu walio hai, na bahari haikuamrishwa kitu. Basi kila maiti aliyeopolewa alihitaji mikono ya watu, na maji, na majani ya mkunazi, na sanda, na karafuu maiti, na mwanandani wa kumlaza; na yote hayo kwa muda mchache. Tena mwaka 2020, yalipoingia maradhi ya korona na misikiti ya Kenya ikafungwa kwa muda, watu wengi waliogopa hata kuikaribia nyumba yenye msiba. Mji ulio na waosha maiti wawili wakongwe, na vijana wake wote hawajapata kushika ndoo wala kata, siku kama hizo utafanya nini? Dhambi ya siku hiyo ilianza zamani, kwa kila mwaka uliopita bila ya kijana mmoja kufundishwa.

Udhuru wa kwanza: elimu kwanza

Wako vijana wasemao: Mimi ni mtafuta elimu, na Imamu wetu Shafii, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra (820), ameona kuwa kutafuta elimu ni bora kuliko sala ya sunna; itakuwaje niache darsa niende kusafisha kisima?

Neno hilo la Imamu ni kweli, walakini limechukuliwa pasipo mahali pake. Imamu ameipima elimu na sala ya sunna, ambayo faida yake yamrejea mwenye kusali. Hakuipima na jirani aliye na njaa wala na maiti aliye ndani akingoja kuoshwa. Hizo ni faradhi, na sunna haikukutana na faradhi katika mizani hiyo.

Na kama wataka kuona walivyofanya wanafunzi wa kwanza wa dini hii, watazameni wale Masahaba 70 waliokuwa wakiitwa Maqurai katika mji wa Madina. Hao walikuwa ni wanafunzi wa Qurani hasa. Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba usiku walikuwa wakiisoma na kudurusiana, na mchana wakiteka maji wakiyaweka msikitini, na wakikata kuni wakiziuza, na kwa thamani yake wakinunua chakula cha watu wa Suffa na mafakiri. Hao ndio waliouawa kwa hiana penye kisima cha Mauna, katika mwaka wa 4 wa Hijra (625), na Mtume akahuzunika kwa ajili yao huzuni kubwa. Ndugu yangu mwanafunzi, hawa waliisoma Qurani kwa mwenyewe aliyeteremshiwa, na hapana darsa lililo tukufu kuliko lile. Nalo halikuwazuia kushika shoka.

Lakini na upande wa pili tuutaje, maana uadilifu wataka hivyo. Yuko kijana aikimbiaye hifadhi yake na sarufi yake kwa kisingizio cha khidma. Kila palipo na shughuli yumo, akipika pilau ya watu na kupanga viti, na mwaka wa tatu huu hajamaliza kitabu cha kwanza. Huyo naye ameacha alilokwisha lianza, na mji wamhitaji awe na elimu kama unavyomhitaji awe na mikono. Kipimo chake ni hiki: kazi hii ina mwingine wa kuitenda akatosha? Kama yuko, darsa lako latangulia. Kama hayuko, au waliopo hawatoshi, nawe waweza, basi kazi imekuangukia wewe kwa jina lako, ikawa ni kama faradhi aini juu yako. Itende kisha urudi, kitabu utakikuta pale ulipokiacha. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), aliwalaumu wanafunzi wa zama zake kwa jambo hili hili: walisongamana katika kujadiliana mas'ala ya khilafu, na ilhali miji mingine haikuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja. Akawauliza, kwa maana ya maneno yake, ikiwa mwatafuta kuiondoa faradhi kifaya, mbona mwaikimbilia ile iliyokwisha kupata watu na kuiacha ile isiyo na mtu?

Udhuru wa pili: kazi hii si ya hadhi yangu

Udhuru huu hautamkwi sana kwa ulimi, ila waonekana kwa miguu. Katika miji yetu ya pwani, siku zilizopita, kazi nyingi za mikono waliachiwa watumwa na wanyonge, na watoto wa waungwana wakalelewa wakiziona ni aibu. Utumwa uliondolewa kwa sheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini dharau ile haikuondoka pamoja nao, ikabaki majumbani kama harufu ya moshi katika nguo. Mpaka leo wako wazazi ambao mwana wao akichaguliwa kuadhini hufurahi, na akiitwa kuchimba kaburi husema mwanetu hakuzoea jembe.

Wanavyuoni wetu wakubwa hawakuwa hivyo. Huko Lamu, Habib Saleh bin Alawi Jamali Lail, aliyeiasisi Riyadha, alilifungua darsa lake kwa watu waliokuwa wakidharauliwa na wakubwa wa mji, akakaa nao na kuwatibu wagonjwa wao. Na juu ya wanavyuoni wako Mitume. Nabii Musa, amani imshukie, alipokimbia Misri akafika kwenye maji ya Madyan hana jamaa wala mali, aliwaona wanawake wawili wamewazuia wanyama wao, wawangoja wachungaji wenye nguvu wamalize. Hakuwajua wala hawakumjua. Akawanyweshea wanyama wao, kisha akaenda zake kivulini akamwomba Mola wake. Hii ndiyo maana ya mithali yetu, tenda wema nenda zako. Ujira ulikuja baadaye, alipoitwa na baba yao mzee. Naye hakuukataa, kwani kupewa usichokiomba hakuiharibu kazi iliyokwisha kutendwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Na huyo huyo Musa, alipokwisha kuwa Mtume, alikwenda kuwa mwanafunzi wa Khidhri, kama ilivyosimuliwa katika Sura ya Kahf. Wakafika mji ambao watu wake walikataa kuwapa chakula. Wakaukuta ukuta wakaribia kuanguka, na mwalimu akausimamisha bila ya ujira. Mwanafunzi akaona ajabu: watu hawa wametunyima, mbona tunawafanyia kazi bure? Kisha akaelezwa kwamba chini ya ukuta ule palikuwa na hazina ya mayatima wawili ambao baba yao alikuwa mtu mwema. Mwanafunzi aliwatazama waliowanyima chakula, na mwalimu alimtazama mwenye ukuta. Kijana aanzaye khidma na alichukue somo hili mapema, kwa maana hapana budi siku moja atawafanyia kazi watu wasio na shukrani, na hatajua ni yatima gani yuko nyuma yao.

Udhuru wa tatu: nia yangu haijasafika

Huu ndio udhuru mzito, na ndio ulio asili ya swali letu. Asemaye hivi si mvivu wala si mwenye kiburi. Amesoma hadithi ya kwanza katika Arubaini ya Imamu Nawawi, kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Amesikia khabari ya wale watu watatu watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama, aliyekufa vitani, na mwenye elimu, na mwenye kutoa mali, kila mmoja akaambiwa kwamba alitaka kusifiwa na amekwisha kusifiwa, kisha wakatiwa Motoni. Akajitazama, akaona yeye ni wa nne wao. Akasema: kukaa kwangu ni salama kuliko kwenda kwangu.

Hofu hii ni njema, lakini natija aliyoitoa humo si sahihi. Na ubainifu wake uko katika mas'ala ya kuosha maiti yenyewe. Wanavyuoni wetu waliulizana: je, ni sharti mwosha atie nia? Akapitisha Imamu Nawawi katika Minhaji ya kwamba kwa kauli iliyo sahihi zaidi si lazima. Muoshaji akiosha na moyo wake uko sokoni, maiti ameoshwa, na mji umeokoka. Na sababu yake ni kuwa makusudio ya kuosha ni usafi wa maiti, na usafi huo umepatikana. Ama sala yake mwosha mwenyewe, hiyo haiswihi bila ya nia hata kidogo.

Kadhalika wametaja kwamba sala ya jeneza, akiisali mtoto aliyefika umri wa kupambanua hali hajabaleghe, yatosha kuwaondolea faradhi watu wazima. Mtoto huyo hana dhambi akiacha wala hajaandikiwa wajibu, na bado kitendo chake chawaokoa wazee waliokwisha kuota mvi. Lau khidma ya mdogo ingekuwa ni kitu cha kuchezea, sharia isingeiweka mahali hapo.

Basi katika haya twajifunza kwamba khidma ina pande mbili. Upande mmoja ni wa yule anayetumikiwa: njaa yake, maradhi yake, kaburi lake. Huo hutimia kwa kazi kutendeka vyema. Upande wa pili ni wa mwenye kutumika: thawabu yake na hesabu yake kwa Mola wake. Huo hautimii ila kwa nia. Kijana aketiye nyumbani kwa kuiogopa nia yake amezichanganya pande mbili. Amemnyima mwenye njaa haki yake kwa sababu ya ugonjwa ulio katika moyo wa mwingine. Mwenye njaa ana kosa gani katika riya yako?

Na wale watu watatu katika ile hadithi, hawakulaumiwa kwa kuwa walitenda. Walilaumiwa kwa kile walichokitafuta. Hapana palipotajwa kwamba mwenye kutoa mali alikuwa heri aizuie. Bali twaikuta Sura ya Maun, ambayo kila mtoto wa chuoni aihifadhi, imewataja kwa pamoja wenye kusali kwa kujionyesha na wenye kuzuia msaada mdogo wa jirani. Riya na kunyima vimefungwa fungu moja. Basi atakaye kujitibu riya kwa kunyima ameukimbia ugonjwa akaingia katika dalili yake nyingine. Na mashekhe wa tasawwuf wamelionya hili tangu zamani: aachaye amali kwa kuwachelea watu wasimwone, naye bado awatazama watu.

Je, kijana huyu, ambaye nia yake ni nusu kwa nusu, ana thawabu? Hapa maimamu wamekhitalifiana, na haifai kuficha. Imamu Ghazali ameona kwamba hutazamwa kilichomsukuma zaidi: ikiwa makusudio ya dini yana nguvu zaidi, ana thawabu kwa kadiri yake, yakiwa sawa, moja huiangusha ya pili, na ikiwa ya dunia ndiyo yenye nguvu, hana kitu. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra (1262), alikuwa mkali zaidi: ameona kwamba nia ikichanganyika hapana thawabu kabisa. Mtu aweza kuichukua kauli hii au ile. Lakini tazameni: hata kwa kauli iliyo kali, kilichoanguka ni thawabu ya mtenda. Haki ya mwenye njaa haikuanguka, na wajibu wa mji haukuanguka. Kwa hiyo mwenye kuogopa na atie nguvu katika kuisafisha nia yake, na huku mikono yake yaendelea na kazi.

Wala hapana mahali pema pa kuisafisha nia kuliko ndani ya kazi yenyewe. Wako maulamaa wa kale waliosimulia kwamba walianza kuitafuta elimu kwa kutaka mambo mengine, na elimu ile ikawakatalia, ikawavuta mpaka ikawa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Na khidma ndivyo ilivyo. Kijana huenda siku ya kwanza kwa kutaka aonekane. Akamwinua mzee aliyepooza, akauona mgongo wake umefanya vidonda kwa kulala, akasikia anavyoomba dua kwa sauti isiyotoka. Siku ya pili haendi tena kwa ajili ya watu. Asiyekwenda siku ya kwanza angeijuaje ya pili? Nia haiji kwa kuketi na kuingoja. Ni kama mwana, hulelewa.

Mahali ambapo nia mbovu humfikia mwingine

Huenda mtu akasema: basi kwa maneno yenu nia ni jambo la mtu na Mola wake tu, na atendaye kwa kujionyesha yu sawa kwa maskini na atendaye kwa ikhlasi. La, hatukusema hivyo. Iko njia ambayo nia mbovu hutoka moyoni ikamfikia anayetumikiwa, ikamdhuru. Nayo ni masimango na kuudhi, ambayo Qurani imebainisha katika Sura ya Bakara kuwa huibatilisha sadaka, kama mvua kubwa iondoavyo udongo juu ya jabali ikaliacha tupu.

Na masimango ya siku hizi yamepata chombo kipya. Zamani mtu alimsimanga mwenziwe kwa ulimi, barazani, na waliosikia ni watu kumi. Leo kijana apeleka mfuko wa unga kwa mjane, atoa simu, amsimamisha mjane yule mlangoni na mfuko mkononi, ampiga picha, na kabla hajafika kwake watu elfu wameiona haya ya yule mama. Unga utaliwa siku nne, picha haitarudi. Hapa kazi haikutimia hata kwa upande wa anayetumikiwa, kwa maana amepewa chakula akanyang'anywa sitara. Kwa hiyo kijana asijiulize tu, nia yangu imesafika? Swali hilo jibu lake kamili alijua Mwenyezi Mungu. Ajiulize pia lile awezalo kulijibu: je, ndugu yangu huyu angekuwa ni mama yangu, ningemfanyia hivi?

Khidma ya kulazimishwa na hati ya shule

Shule nyingi leo humtaka mwanafunzi afanye kazi fulani za jamii, zikaandikwa daftarini, na mwishowe akapewa hati. Wazee wengine wasema kwamba hiyo si khidma, kwani kilicholazimishwa si hiari. Sisi twasema: je, Mtume hakutuamrisha tuwaamrishe watoto wetu sala wakiwa na miaka 7, na tuwatie adabu kwayo wakiwa na miaka 10, na hali sala haijawawajibikia? Tungengoja wapate ikhlasi kwanza, wangebaleghe hawajui rukuu. Mtoto huanza kwa amri, akaendelea kwa mazoea, kisha moyo ukaamka ukakuta viungo vimekwisha kujua njia. Samaki mkunje angali mbichi. Basi ulazimisho wa mwalimu ni mlango, nao mlango si nyumba.

Ama hati, si haramu kuipokea, na tumekwisha kuona khabari ya Nabii Musa na ujira wa Madyan. Ila kijana ajijaribu nafsi yake kwa jambo moja: siku daftari litakapofungwa na hati kutiwa sandukuni, yule mgonjwa aliyekuwa akimpelekea maji bado ana kiu. Akiendelea kwenda, na ashukuru. Asipokwenda, basi amejua alichokuwa akikitumikia.

Wasia kwa aanzaye

Ewe kijana, ukitoka siku ya kwanza, anza nyumbani kwako. Haifai uende kuwatekea maji jirani na mama yako yuko njiani na ndoo kichwani. Waombe wazazi wako idhini na dua. Kisha mfuate aijuaye kazi, wala usijitie mbele kwa usichokijua. Kumwosha maiti kuna hukumu zake, kumsitiri utupu wake, kumgeuza kwa upole, na kunyamaza kwa lolote baya uliloliona mwilini mwake mpaka nawe uingie kaburini. Anza kwa kushika kata, na mwaka ujao utashika maiti. Ukiahidi siku, fika siku hiyo, kwani mgonjwa akungojaye hula kwa saa yako. Usihesabu uliyoyatenda, na ukisifiwa usijikaze kukanusha sana, maana kukanusha kwingi nako ni kuomba sifa ya pili. Na ukumbuke mithali ya wazee wetu, mwosha huoshwa: utakayemfundisha leo, ndiye atakayekulaza juu ya kitanda chako cha mwisho.

Nanyi wazee wangu, nasaha hii haiwahusu vijana peke yao. Wako kati yetu wazijuao kazi hizi, nao wamezifanya kuwa siri zao. Kijana akisogea huambiwa, wewe mtoto, toka. Kisha twaketi barazani tukilalamika kwamba vijana wa leo hawana moyo. Faradhi kifaya ikikosa watu, sharia haitamwuliza kijana ambaye hakuitwa. Itawauliza waliojua wasifundishe. Kila mtaa na uwachague vijana wachache kila mwaka, wafundishwe kuosha, kukafini na kuzika, kumhudumia mgonjwa, na kusimamia kisima na birika la msikiti. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na kumtoa mwanao akatumike ni katika kutoa kulio kukubwa.

Hilo ndilo jibu letu kwa ufupi: kazi hutimia kwa anayetumikiwa kwa kutendwa vyema na kwa sitara, na hutimia kwa mtumikaji kwa nia, basi mwanafunzi aanze, na nia yake aibebe pamoja naye akiisafisha njiani. Twamwomba Mwenyezi Mungu awasafishe vijana wetu nyoyo zao, aitie baraka mikono yao, na asiufanye mji wetu kuwa ni mji ambao maiti wake wangoja na vijana wake wamelala. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.